Mto Uliopewa Jina la Kilevi

Kwenye ramani ya Middle-earth, dunia aliyoibuni J.R.R. Tolkien, upo mto unaopita mashariki mwa nchi ya Shire. Unaitwa Brandywine. Msomaji wa Kiingereza hulipita jina hilo bila kusita, maana linasikika kama kinywaji, na wenyeji wa Shire ni watu wa kula na kunywa. Mimi nimekaa nalo kuliko jina jingine lolote la ramani za kubuni, na kila ninaporudi nakuta chini yake kuna jina jingine.

Chini kabisa ni lugha ya Waelfi, waliotangulia katika nchi hiyo. Wao waliuita Baranduin: baran ni hudhurungi ya kidhahabu, duin ni mto mkubwa. Wakaja Wahobiti, wakulima wafupi wasiokijua Kielfi. Wakalivuta jina kwenye lugha yao hadi likawa Branda-nîn, yaani maji ya mpakani, kwa kuwa mto ndio uliokuwa mpaka wao. Baadaye wenye utani, wakiitazama ile rangi ya maji, wakaligeuza tena: Bralda-hîm, pombe ya kulewesha. Utani ukazoeleka, ukawa jina. Tolkien, ambaye katika simulizi hii anajiweka kama mfasiri wa kitabu cha kale, akatafuta neno la Kiingereza lenye sauti ya Waelfi na harufu ya pombe ya Wahobiti kwa wakati mmoja. Ndipo akapata Brandywine. Maelezo haya yamo kwenye viambatisho vya juzuu ya tatu ya The Lord of the Rings, iliyotoka mwaka 1955, na yamechukua mistari michache tu.

Kubuni jina tamu ni kazi ambayo wengi wanaiweza. Tolkien alibuni jina, halafu akabuni watu waliolisikia vibaya, halafu wajukuu waliolifanyia mzaha. Aliliacha litembee midomoni mwa watu mpaka likachakaa, kama yanavyochakaa majina ya mito yote inayokaliwa.

Ujuzi huo aliupata kazini. Mwaka 1919 na 1920 alikuwa mmoja wa watumishi wa Kamusi ya Oxford, akifuatilia asili ya maneno yanayoanza na herufi W. Kuanzia mwaka 1925 alikuwa profesa wa Kiingereza cha kale katika chuo kikuu cha Oxford. Mtu aliyezoea kulishika neno na kulirudisha nyuma karne kumi aliweza pia kulianzisha huko nyuma na kulileta mbele.

Tazama kijiji cha Bree. Kiko chini ya kilima, na kilima kinaitwa Bree-hill. Hill ni kilima kwa Kiingereza, na bre nayo ni kilima, ila kwa lugha ya Kikelti iliyosemwa Uingereza kabla ya Kiingereza kufika. Msitu wa jirani ni Chetwood: chet ni msitu, wood ni msitu. Si uzembe. Karibu na Oxford kuna kijiji halisi kiitwacho Brill kilichopata jina lake hivyo hivyo, kilima juu ya kilima, na katika jimbo hilo hilo la Buckinghamshire kipo kijiji cha Chetwode. Sisi tunalijua jambo hili bila kwenda Uingereza: kwa Kiyao nyasa ni ziwa, kwa hiyo anayesema Ziwa Nyasa amesema ziwa mara mbili. Wageni wanapolichukua neno la kawaida la wenyeji na kulifanya jina, wanaacha alama ya kufika kwao. Tolkien aliiweka alama hiyo Bree, na msomaji anajua, bila kuambiwa, kwamba hapo paliishi watu wengine kwanza.

Kwa majina ya Kielfi njia ni nyingine. Hapo inabidi uyapange pamoja. Mordor na Gondor yanashirikiana dor, nchi. Mordor na Moria yanashirikiana mor, weusi. Gond ni jiwe. Msomaji aliyefika katikati ya kitabu ameshajifunza maneno matatu ya lugha asiyoijua, na akikutana na jina jipya lenye mor ndani yake anaingiwa na hofu kabla hajaelezwa lolote. Minas nayo ni mnara. Palikuwa na miji miwili pacha, Minas Anor, mnara wa jua, na Minas Ithil, mnara wa mwezi. Wa mwezi ukatekwa na adui, ukawa Minas Morgul, mnara wa uchawi. Wa jua ukabadilishwa kuwa Minas Tirith, mnara wa ulinzi. Vita nzima imesimuliwa na majina mawili yaliyobadilika.

Yapo aliyoyachukua moja kwa moja. Mirkwood, msitu wa giza, ni wa hadithi za kale za Skandinavia, na Wetwang ni kijiji kilichopo Yorkshire. Ni majina mazuri, lakini kwangu hayaufikii ule mto.

Tolkien aliwaandikia wafasiri mwongozo wa majina hayo, uliochapishwa mwaka 1975, miaka miwili baada ya kifo chake. Majina ya Kiingereza yenye maana alitaka yafasiriwe, ya Kielfi yaachwe. Mfasiri wa Kiswahili atakayefika ukingoni mwa Shire ana bahati, kwa sababu neno brandi tunalo tayari, na haliko mbali na Baranduin. Namwomba asilinakili tu jina hilo kama lilivyo. Akae nalo mpaka apate jina la Kiswahili lililolewa.