Tumewagawa, Kisha Tunawatafuta

Huku kwetu Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, kuna lalamiko moja ambalo kila baraza la parokia hulirudia: vijana wamekwenda wapi? Wanapokea kipaimara, wanapigwa picha na mashati meupe, na baada ya miezi michache hatuwaoni tena. Wengine tunawakuta katika makanisa ya uamsho, wengine bandarini, wengine hatuwakuti popote. Nasi hujibu upesi: ni simu, ni muziki, ni pombe, ni dunia ya leo. Sisi wenyewe tumejibu hivyo mara nyingi mbele ya watu, na tulisikilizwa vizuri, kwa maana jibu hilo halimgusi mtu yeyote aliyekaa barazani.

Leo hatutaki kuwapima vijana. Tunataka kuipima kazi yetu.

Tuanze na siku ya Jumapili. Itazameni familia moja inavyofika kanisani. Baba, mama na watoto wanne wametoka pamoja nyumbani, upande wa reli, wametembea pamoja. Wakifika mlangoni, mama anakwenda kwa wenzake wa Legio ya Maria. Binti mkubwa anakwenda kwenye kwaya. Kaka yake anakaa na Bilenge ya Mwinda. Wadogo wawili wamevaa skafu za Kizito-Anuarite, wanapangwa mbele. Baba anabaki peke yake nyuma, karibu na mlango, na mara nyingi ndiye wa kwanza kutoka. Misa ikiisha, mama ana mkutano, binti ana mazoezi ya nyimbo, wadogo wana michezo. Kila mmoja anarudi kwa saa yake. Kisha sisi makatekista tunaketi kuandaa mafundisho juu ya umoja wa familia!

Hatusemi kwamba vyama ni vibaya. Sisi wenyewe tulilelewa katika chama, na bila chama labda tusingefika seminarini. Lakini inafaa kukumbuka vilitoka wapi. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku vyama vyote vya vijana vya kidini, ikataka vijana wote wawe chini ya chama cha taifa, JMPR. Bendera zilishushwa, skafu zikawekwa sandukuni. Ni katika miaka ile migumu kwamba Ignace Matondo, aliyekuwa padri Kinshasa na baadaye akawa askofu, alianzisha Bilenge ya Mwinda, yaani vijana wa mwanga. Aliwaongoza hatua kwa hatua, kama wazee wetu walivyowaongoza vijana katika mafundisho ya utu uzima: sala, kimya, mashauri, na mkubwa wa kutembea nao. Kazi ile ilikua bila gwaride. Leo hakuna anayetukataza kitu, na tazameni tunatumia wapi nguvu zetu: rangi ya shati, bei ya kikwembe cha sikukuu, nani atatangulia katika maandamano. Shati tumelishika vizuri. Mkubwa wa kutembea na kijana tumemsahau.

Tuna jambo la kuungama hapa. Kwa muda mrefu mkutano wetu wa vijana ulikuwa Jumamosi, saa tisa mchana. Tuliona ni saa nzuri. Jua limepungua kidogo, na shule imekwisha. Tuliandika majina ya waliokosa. Kijana mmoja alikosa mara sita, nasi tukamwita mtoro mbele ya wenzake. Baadaye tulikutana naye kwenye barabara ya Opala, anasukuma kinga yenye magunia ya makala, jasho linamtoka, miguu imejaa udongo. Jumamosi ndiyo siku ya mauzo. Makala yale yalikuwa karo ya dada zake wawili. Hakutuambia neno baya. Alitusalimu, «Shikamoo mwalimu», akaendelea kusukuma. Sisi tulibaki pale barabarani na daftari letu.

Nani anayejua barabara zetu asingejua jambo hilo? Kila mtu wa Lubunga anajua kwamba makala, mihogo na ndizi huingia mjini kwa kinga. Kila mtu anajua kwamba wengi wetu huvuka mto kutafuta kazi Makiso, na kwamba binti akikawia kwenye mazoezi ya kwaya ng'ambo ile hupata mtumbwi kwa shida, na kwa hatari. Tulijua yote hayo kama wakaaji wa Lubunga, lakini tulipoketi kupanga saa za parokia tuliyaacha mlangoni. Tulipanga kwa ajili ya kijana asiye na kazi, asiye na wadogo, asiye na mto wa kuvuka. Kijana huyo hatujamwona bado.

Jambo la pili ni michango. Tulifanya kazi zamani katika parokia moja ambapo majina ya familia zilizochanga kwa ajili ya sikukuu yalisomwa mwisho wa Misa, pamoja na kiasi cha franka. Aliyeyasoma ni sisi. Hatukusoma majina ya wasiochanga, la. Lakini watu wanajua kuhesabu. Baba asiyesikia jina lake wiki tatu mfululizo hatakuja wiki ya nne, na akiacha yeye, mtoto wake wa kiume ataacha pia, bila kugombana na mtu. Kisha tunasema amechukuliwa na makanisa ya uamsho. Hakuchukuliwa; alitoka nje kwa aibu, akakuta mlango mwingine uko wazi. Kanisa halina budi kusaidiwa na watoto wake, hilo ni kweli. Lakini sadaka inayotangazwa hivyo inakuwa kodi.

Sasa tufike kwenye jambo zito. Tangu Februari 2023 ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola uliwaka upande huu wa mto. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, maelfu wakayakimbia makao yao. Hatutaki kuhukumu ugomvi wenyewe hapa. Tunauliza swali moja tu la kikatekista. Watoto wa pande zote mbili walikuwa wamekaa kwenye benchi moja la mafundisho. Walikuwa wameimba sauti ya kwanza na ya pili kutoka karatasi moja. Walipotoweka, tuliulizana: huyu analala wapi? Mama yake ni nani? Wazazi wake wanamjua nani hapa mjini? Wengi wetu hatukuweza kujibu. Tulikuwa na kwaya nzuri ya sauti nne, na hatukuzijua nyumba za waimbaji. Wazazi wa pande hizi mbili hawakuwa wamekaa chini ya paa moja hata siku moja kwa sababu ya watoto wao. Tungalikuwa tumewakutanisha mapema, je, tungaliuzuia moto? Hatuthubutu kusema hivyo. Ila labda mtoto fulani angalijua mlango wa kubisha usiku ule.

Wazee wetu walijua zaidi. Tarehe 21 Novemba 1964 Mtaguso wa Vatikano ulitoa hati ya Lumen Gentium, inayoiita familia kama Kanisa la nyumbani na kuwataja wazazi kuwa wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Siku 3 baadaye, tarehe 24, askari wa miavuli walishuka Stanleyville, mji wetu huu, na siku zile damu nyingi ilimwagika, ya mapadri na masista, na ya raia wengi zaidi ambao hatuna majina yao. Tarehe 1 Desemba Sista Anuarite aliuawa Isiro. Hakuna mzee wa Lubunga aliyekuwa amesoma hati ile. Lakini mapadri walipokuwa wachache na misheni nyingi zikiwa tupu, sala ya jioni iliendelea majumbani, bibi akiongoza, katekista akipita kwa mguu. Maaskofu wetu walikuwa wamekwisha kuona njia hiyo mwaka 1961, walipochagua jumuiya hai za wakristo, zile ambazo ndugu zetu wa Kivu huziita mashirika. Na Kardinali Malula alipowakabidhi walei parokia za Kinshasa kuanzia 1975, aliwatafuta watu wenye ndoa zao. Alijua kwamba anayeongoza nyumba yake mbele ya macho ya jirani amekwisha kuhubiri.

Mtatuambia: lakini Baba Mtakatifu Fransisko alikuja, akazungumza na vijana. Ndiyo. Tarehe 2 Februari 2023, katika uwanja wa Stade des Martyrs huko Kinshasa, aliwaambia watazame mikono yao, akawapa neno moja kwa kila kidole: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha, huduma. Yalikuwa mafundisho mazuri sana, hata asiyejua kusoma ameyabeba nyumbani. Sisi tukafanya nini nayo? Tuliwakaririsha. Watoto wetu wanayataja maneno matano kwa pumzi moja, kama zamani sisi tulivyotaja dhambi kubwa. Na tumesahau kwamba mkutano ule ulikuwa wa vijana pamoja na makatekista. Maneno yale yalituelekea sisi pia. Kidole cha jumuiya kinatuuliza kuhusu wale waliotoweka 2023. Kidole cha uaminifu kinatuuliza kuhusu ile orodha ya michango.

Tangu mwaka jana, katika jumuiya yetu ndogo, tumeliacha daftari la watoro. Mkutano ni Jumapili jioni, katika nyumba moja moja kwa zamu, na anayealikwa ni nyumba nzima: baba, bibi, mtoto wa kinga, hata mjomba asiyesali. Tunasoma Injili, tunaongea, tunakula kidogo kama kipo. Hatuna shati. Hesabu yetu si kubwa, na mara mbili mvua ilitufukuza. Baadhi ya viongozi wa vyama hawakufurahi. Walisema tunawanyang'anya watu wao. Tumewaomba waje nao, na jamaa zao.

Yule kijana wa makala alikuja mwezi wa tatu. Alichelewa, akasimama mlangoni. Hatukuuliza alikuwa wapi. Mama yake alisogea kwenye mkeka akampa nafasi, na baba yake, ambaye hatukuwahi kusikia sauti yake kanisani, ndiye aliyemtafutia ukurasa.