Mtunza Taa wa Chumbe

Pwani ya Paje siku hizi haina giza. Mahoteli yanawaka tangu magharibi hadi alfajiri, na mvuvi anayerudi usiku na ngalawa yake, akiutafuta mlango wa mwamba, anakutana na msururu wa mataa ambayo hakuna hata moja lililowekwa kwa ajili yake.

Upande wa pili wa Unguja, kusini mwa Mji Mkongwe, ipo taa iliyowekwa kwa ajili ya mtu wa baharini. Mnara wa kisiwa cha Chumbe ulijengwa na Waingereza mwaka 1904, kwenye kisiwa cha mawe chenye urefu wa kama kilomita moja, jirani na njia ya vyombo vinavyoingia bandarini. Isisahaulike kwamba ni Waingereza hao hao ambao tarehe 27 Agosti 1896 mizinga yao iliharibu mnara wa taa wa Sultani wa Zanzibar uliokuwa mbele ya jumba lake la Beit al-Ajaib.

Sifa za mnara wa Chumbe hupewa waliojenga. Anayezistahili zaidi ni mtunza taa.

Enzi za mafuta, kazi yake ilianza mchana. Mtunza taa hupanda ngazi na kopo mkononi, akajaza tangi, akakata utambi sawasawa. Utambi uliokatwa upande hutoa moshi, moshi huleta masizi, na masizi humpunguzia nahodha mwanga. Kisha vioo. Ndani vina masizi, nje vina chumvi, kwa kuwa kusi huirusha chumvi hadi juu kabisa. Ikikauka, ukiisugua umekwaruza kioo, hivyo lazima kwanza ilainishwe kwa maji baridi, na Chumbe ni kisiwa kisicho na kisima. Usiku ni kukesha na kuitazama bahari. Asubuhi taa huzimwa, na penye lenzi kubwa huteremshwa pazia. Mgeni angedhani ni pambo, kumbe lenzi ile ile inayoupeleka mwanga mdogo maili nyingi baharini, mchana huweza kulikusanya jua na kuuwasha moto chumba kizima. Ujuzi wa namna hii ulirithishwa kwa mkono na kwa jicho, mtu akimfuata mwenziwe ngazini.

Mwaka 1926 taa ya Chumbe ikageuzwa kuwa ya gesi. Dunia nzima ilikuwa ikielekea huko tangu Gustaf Dalén wa Sweden alipobuni valvu inayofungua gesi jua likizama na kuifunga likichomoza. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912, mwaka ule ule alipopofuka kwa mlipuko wa gesi kazini. Valvu hailali wala haidai mshahara, na serikali nyingi ziliona hilo linatosha. Lakini valvu haifuti chumvi, na haioni jahazi linalokwenda mrama.

Mnara ukabaki, mtu akaondoka. Mapema miaka ya 1990, mradi wa hifadhi ya matumbawe ulipofika kisiwani, nyumba ya mtunza taa ilikuwa gofu. Ikajengwa upya, sasa ni ukumbi wa wageni. Hatua chache kutoka hapo kipo kimsikiti cha mtindo wa Kihindi, alichojengewa yeye na ahali zake. Mtu na familia yake, bahari pande zote, na sala tano.

Hifadhi imefanya mema mengi: wavuvi wa vijiji jirani wamefundishwa kuwa walinzi wa mwamba, na wanafunzi wa skuli hupelekwa kujifunza matumbawe na kaa wa minazi. Watoto hao wanastahili pia kumjua mtunza taa. Ukumbi ule ulikuwa nyumba yake. Kabati moja lenye kopo la mafuta, mkasi wa utambi na majina ya walioshika kazi hiyo halikosi nafasi humo. Nyaraka za Taifa za Zanzibar zinahifadhi majalada ya serikali ya kikoloni, na anayetaka kuyatafuta majina hayo anaweza kuanzia huko.