Ramani Yenye Pande Sita

Waandishi chipukizi wenzangu, hebu tuambiane ukweli. Wengi wetu tunaanza riwaya kwa ramani: unalowesha karatasi kwenye chai ya rangi, unaunguza kingo kwa kiberiti, unachora joka baharini, basi, eti nchi imekuwa ya kale! Mimi hapa Lumemo nilichora yangu nikatamba nayo mwezi mzima. Riwaya je? Hata sura moja sina.

Ndipo nikaisoma tena Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951. Jaribu kuichora nchi ile uone. Iko angani, na wajumbe wake wanakwenda pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Karatasi itakushinda, bwana. Tena kila mjumbe akirudi na maarifa anatiwa gerezani. Kumbe ramani ya kweli ndiyo hiyo: kila upande una mtu aliyeulipia.

Yangu ilikuwa na mto wa kupendeza usiomfurikia mtu. Lakini Mto Lumemo ukifurika unaingia ndani bila hodi! Nimelifuta joka. Sasa namwandika mama anayeokoa gunia lake la mpunga.