Ngozi Isiyokubali Uongo

Wapenzi wa mbio za magari wanaijua kona ya Luffield katika uwanja wa Silverstone, Uingereza. Jina hilo ni la monasteri ndogo ya Wabenedikto iliyokuwa jirani na hapo, msituni, kwenye mpaka wa Northamptonshire na Buckinghamshire. Ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 12, haikupata kuwa tajiri, na mwaka 1494 ikafungwa. Majengo yametoweka. Hati zimebaki, kwa kuwa mashamba yake hatimaye yaliangukia Abasia ya Westminster, na apokeaye shamba hupokea na hati zake.

Lakini hata hifadhi nzuri haiokoi hati iliyotengenezwa vibaya. Hati za zama hizo zilitoka mikononi mwa mafundi hasa. Ngozi ya kondoo ililowekwa katika maji ya chokaa, ikang'olewa manyoya, ikawambwa na kukwanguliwa kwa kisu cha umbo la mwezi mwandamo. Wino ulipikwa kwa vivimbe vinavyoota kwenye mialoni pale nyigu wanapotaga mayai, pamoja na chumvi ya chuma na gundi ya mgunga. Ukishaandikwa, wino huo hung'ang'ania ngozi na kuzidi kuwa mweusi.

Na kwa nini kondoo? Richard FitzNigel, mweka hazina wa Mfalme Henry II, alieleza katika karne hiyohiyo ya 12: ngozi ya kondoo haifutiki bila kuacha alama. Tabaka zake huachana zikikwanguliwa, na mghushi akaumbuka. Mafundi hawa nawavulia kofia, maana ulinzi wa neno waliuweka ndani ya ngozi yenyewe.

Kinachonistaajabisha zaidi ni hati pacha. Makubaliano yaliandikwa mara mbili juu ya ngozi moja, na katikati likaandikwa neno kwa herufi kubwa. Kisha kisu kilipita juu ya neno hilo, mara nyingi kwa mkato wa mawimbi, kila upande ukachukua kipande chake. Ukizuka ugomvi, vipande viliwekwa pamoja. Herufi zisipokutana, kimoja ni cha kughushi. Hata mkulima asiyejua kusoma aliliona hilo kwa macho yake. Katika nchi ambayo wengi hawakujua kusoma, huo ulikuwa uadilifu mkubwa.

G. R. Elvey alizichapisha hati za Luffield kwa juzuu mbili, mwaka 1968 na 1975. Wewe unayesomea sheria za ardhi, zitafute.