Pongezi kwa Redio Jamii Kilosa
Kutoka kwetu Ngerengere hadi Kilosa reli ya kati ni moja na mkoa ni mmoja, Morogoro, kwa hiyo pongezi hizi nazitoa kama jirani. Redio jamii huishi kwa ada ya tangazo la msiba na la mbuzi aliyepotea, kwa fedha za miradi zinazokuja na kuisha, na kwa vijana wanaojitolea. Bili ya umeme na ada ya leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hazisubiri. Lakini Kilosa inaihitaji sana sauti hii: mwaka 2000 mgogoro wa wakulima na wafugaji ulimwaga damu huko Rudewa, wilayani humo, kisha mafuriko ya 2009 na 2010 yakawaacha maelfu bila makazi. Kazi ya redio hii ya kumsikilizisha mkulima hoja za mfugaji naiheshimu mno. Wafanyabiashara wa Kilosa, lipieni matangazo yenu kwa wakati.