Pongezi kwa Waumini wa Ngara na Biharamulo

Mwishoni mwa Aprili 1994, pale watu wapatao laki mbili na nusu, wakikimbia vita vya Rwanda, walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja na kuingia Ngara, wilaya ya Tanzania isiyo na maji wala kuni za kukidhi umati ule, watoa huduma hawakuwa na wasaa wa kumsaili mgeni dini yake. Walutheri wa shirika la wakimbizi la TCRS, Caritas ya Wakatoliki, na hospitali ya Waanglikana pale Murgwanza, kila mmoja na madhehebu yake, walihudumia halaiki ile moja. Na mwaka 1995 Wajesuiti wakaasisi Radio Kwizera, iliyosema na mkimbizi na mwenyeji pia.

Hisani hiyo nawapongeza kwayo, lakini taadhima yangu kubwa naiweka kwa vijana, Ngara hata Biharamulo, ambao jirani afapo, awe Mwislamu au Mkristo, yule wa kwaya na yule wa madrasa hupokezana jembe na sepeto kaburini, jasho likiwatiririka, na jioni wakaketi matangani pamoja, bila ya kuamrishwa na sheikh wala padri.