Shahidi wa Mwezi Aulizwe Nini?

Kila Shaabani inapokwisha, baadhi ya waandishi wetu hurejea hoja ile ile: Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tufunge kwa kuuona mwezi, basi hesabu ya falaki ni unajimu na haina nafasi. Nusu ya kwanza ni haki, na sisi Mashafii hatuna ugomvi nayo. Kasoro imo katika nusu ya pili. Mnajimu hudai kuijua ghaibu kwa nyota. Mwanafalaki hupima tu mwezi uko umbali gani na jua, kama muadhini apimavyo kivuli cha Alasiri. Na hatujasikia mtu kuikataa Alasiri kwa sababu imepimwa.

Tuchukue Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Mwezi huliacha jua kwa takriban nusu nyuzi kila saa. Ukikutana nalo saa tisa alasiri, Magharibi utakuwa umelitangulia kuelekea mashariki kwa nyuzi moja na nusu tu, na utatua karibu pamoja nalo. Tangu utafiti wa Mfaransa André Danjon katika miaka ya 1930, inajulikana kuwa chini ya nyuzi 7 hivi hilali haionekani kwa jicho. Sasa akija mtu jioni hiyo akasema ameutazama nusu saa, afanywe nini?

Taqiyyuddin As-Subki (aliyefariki 756 H/1355) alisema ushahidi wake urudishwe. Ar-Ramli hakukubali. Ibn Hajar Al-Haytami aliurudisha kwa sharti kwamba wenye hesabu wawe wengi wa kufikia tawaturi, wote wameafikiana, na misingi yao ni ya yakini. Kumnukuu Ar-Ramli peke yake na kuwanyamazia hao wawili si uadilifu wa kielimu. Wala wapenda hesabu wasifurahi mno: hapa hesabu inakanusha, haithibitishi mwezi uliofichwa na mawingu.

Jambo si dogo. Kumkubali aliyekosea mwishoni mwa Ramadhani ni kula siku ya faradhi. Kumkataa mkweli ni kufunga siku ya Idi, nayo ni haramu.

Mvuvi wa Nungwi ni shahidi mwema, machweo huyaona baharini. Lakini asiulizwe "umeona?" tu. Aulizwe: upande gani wa jua lilipotua? Ulikaa muda gani? Ncha zake zilielekea wapi? Kwetu, karibu na istiwai, mwezi mchanga hulala kama ngalawa. Anayesema ulielekeza ncha chini baharini, aulizwe tena.